Lulu ndani ya pafu la Baba

Mimi ni fundi umeme. Huku kwetu Katuba, Lubumbashi, ukisikia mtu anasema "mwiteni yule wa kuran", yaani wa umeme, basi ni mimi wanayemtaka au kijana ninayemfundisha kazi. Natanguliza hilo kwa sababu mambo ya mishipa ya damu niliyaelewa kwa akili ya waya, na akili hiyo ilinisaidia hadi ikafika mahali karibu initie hatiani.

Baba alianza kukohoa mwezi wa sita. Lubumbashi mwezi wa sita kila mtu anakohoa: asubuhi baridi, mchana vumbi jekundu hewani. Isitoshe alikuwa mvutaji tangu ujana wake, na alikula miaka 26 mbele ya tanuri za shaba, kwa hiyo kikohozi chake tulikizoea kama mlio wa friji. Siku moja Mama alikuta leso yake ndani ya beseni la nguo. Katikati ya ute kulikuwa na uzi mwekundu, mwembamba, umejikunja. Mama hakusema neno. Aliifua leso kwa maji baridi, akaianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawapiti.

Kwenye zahanati makohozi yalipimwa mara mbili na kifua kikuu hakikuonekana. Akaandikiwa dawa za kifua kikuu hata hivyo. Sitawalaumu sana kwa hilo. Mji wetu, mzee aliyekonda anayetema damu, mara nyingi ni kifua kikuu kweli. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyetuambia: baada ya miezi miwili, kama hapati nafuu, rudini tufikirie upya. Rifampisini ikageuza mkojo wa Baba rangi ya chungwa, kama ilivyo kawaida yake, na yeye akafurahi.

"Unaona, mwana yangu? Uchafu unatoka."

Tukangoja uchafu utoke. Miezi minne. Kutoka kilo 64 akashuka hadi 52, na mkanda wake nikautoboa matundu mawili mapya kwa msumari niliouchoma moto.

Skana ndiyo iliyotuamsha. Uvimbe wa sentimita tano, pafu la kulia, karibu kabisa na mzizi wa pafu, pale ambapo bomba kubwa la hewa na mishipa mikubwa ya damu huingia pamoja. Daktari aliyeisoma aliweka kidole pale kwenye picha na kukiacha hapo muda mrefu kidogo. Tukavuka mpaka wa Kasumbalesa katikati ya foleni ya malori, tukaenda upande wa Zambia, Baba akaingiziwa kamera kooni na kukatwa kipande. Tulirudi na vitu viwili: karatasi ya muda iliyosema ni kansa ya mapafu ya "seli zisizo ndogo", na bahasha yenye vioo vitatu vya hadubini na kijipande cha nta ambamo nyama ya Baba ilikuwa imegandishwa. Ripoti kamili, walisema, itafuata. Nilibeba ile bahasha ndani ya shati, juu ya tumbo, hadi nyumbani.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa usiku. Umeme ukiwapo nilichaji simu, ukikatika nikaanza kusoma. Nikakutana na daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliyeandika mwaka 1971 kwamba uvimbe wa kansa ukifika milimita chache hauwezi kuendelea bila mishipa yake wenyewe ya damu. Seli iliyo mbali na mshipa haipati oksijeni wala chakula. Kwa hiyo uvimbe unatuma wito, na mishipa ya jirani inachipua matawi na kuufuata. Alisema pia kwamba wito huo ukizuiwa, uvimbe utadumaa. Wenzake wengi walimbeza kwa miaka.

Mimi sikumbeza. Mimi namfahamu huyo uvimbe! Ni yule jirani anayejenga kibanda nyuma ya ukuta, usiku anapanda nguzo na kubranchi, anajiunganishia umeme wa wizi. Waya mwembamba kuliko mzigo, viungo vimefungwa kwa mfuko wa plastiki, unagusa ukuta unasikia joto. Na kumbe mishipa ya uvimbe iko hivyo hivyo: imepinda, inavuja, mahali pengine damu inasimama au inarudi ilikotoka. Wito wenyewe una jina, protini inayoitwa kwa kifupi VEGF. Mwaka 1983 watafiti Senger, Dvorak na wenzao walieleza kitu kinachotoka kwenye uvimbe na kufanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake, wakifanya kazi kampuni ya Genentech, wakaipata protini ya kukuza mishipa, na ikaonekana ni kitu kilekile kimoja. Baadaye ikatengenezwa dawa ya kuikamata kabla haijafika kwenye mshipa: bevasizumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Avastin. Marekani waliiruhusu kwa kansa ya utumbo mpana mwaka 2004, na kwa kansa ya mapafu mwaka 2006.

Kata waya. Mimi nakata waya za namna hiyo kila wiki. Nilikaa kitandani saa nane ya usiku nikicheka peke yangu, mke wangu akadhani nimelewa.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeuza vipuri kule Ruashi, alimfahamu mtu anayemfahamu mtu. Muuzaji yule hakuwa na duka. Alikuwa na simu mbili na glasieri ya bluu, lile sanduku la kutunzia baridi. Kipimo nilikuwa nimeshakipiga mwenyewe: miligramu 15 kwa kila kilo, kila wiki tatu. Kilo 52 ni miligramu 780, yaani chupa mbili za 400 kwa kila sindano. Chupa moja ilizidi mapato yangu ya miezi miwili. Tukauza jenereta yangu kubwa, dada zangu wakachanga, kanisa likachanga, nikalipa arubuni. Nilimuuliza muuzaji kama dawa imekaa kwenye baridi muda wote, maana inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Akafungua glasieri: chupa mbili za maji ya kunywa zilizoganda, na boksi dogo limelowa pembeni. "Iko baridi, patron." Sikujua wakati ule kwamba hata Marekani, mwaka 2012, mamlaka ya dawa ilitangaza kupatikana kwa Avastin bandia isiyokuwa na dawa yoyote ndani. Kama iliwafikia wale, sembuse glasieri ya Kasumbalesa.

Kilichotuokoa ni ukaidi wa Mama. Alisema hachomwi mtu sindano kabla ya mtu wa hapa nyumbani kuangalia vile vioo. "Umebeba nyama ya baba yako mpakani kama kitenge, halafu hakuna mtu anayeifungua?"

Ndipo nikaenda kwa Mama Dokta. Jina lake silitaji. Ni mtaalamu wa patholojia, yaani anayesoma ugonjwa kwenye vipande vya nyama, mwanamke wa makamo, na chumba chake cha kazi kina dirisha moja na hadubini yenye vichwa viwili, ya kuangalia watu wawili kwa pamoja. Nilipoingia, taa ya hadubini ilikuwa inapepesa. Sikuweza kujizuia, nilichuchumaa nikakaza soketi kabla hata ya kutoa salamu vizuri. Nadhani ndiyo sababu alinipa saa nzima.

Aliweka kioo cha kwanza. "Angalia, mwana yangu. Usifunge jicho moja, fungua yote mawili."

Niliona waridi na zambarau, kama kitenge kilichochuja. Akazungusha kifundo, picha ikatulia. Ndani ya ile zambarau kulikuwa na miviringo, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa katikati, na kiini cha kila mviringo kilikuwa cha waridi kinachong'aa.

"Hizo tunaziita lulu," alisema. "Lulu za keratini. Keratini ndiyo inayotengeneza kucha na ngozi ngumu. Pafu halina kazi nayo. Ukiziona hizi, hii ni aina ya skwamasi, kansa ya seli bapa kama za ngozi. Hapo sihitaji mashine ya gharama kuniambia."

Nilimwambia ni nzuri. Ni kweli, zilikuwa nzuri, na bado naona aibu kwa kulisema neno lile mbele ya kitu kilichokuwa kinamla Baba.

Nikamweleza habari ya arubuni. Aliondoa macho kwenye hadubini. Sikuwahi kumwona mtu akinyamaza namna ile.

"Umelipa sindano ngapi?"

"Moja. Nusu yake."

"Usimalizie."

Akanieleza bila haraka. Katika majaribio ya mwanzo ya dawa ile kwenye kansa ya mapafu, jaribio la watu 99, wagonjwa sita walitokwa na damu nyingi ghafla kutoka mapafuni, na wanne wakafa. Wengi wao walikuwa na aina ya skwamasi, na uvimbe wao ulikaa katikati, karibu na mishipa mikubwa. Kwa sababu hiyo, jaribio kubwa lililofuata, la wagonjwa 878, halikupokea skwamasi hata mmoja. Wala halikumpokea aliyekuwa akitema damu. Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema asipewe mtu aliyekohoa damu karibuni kiasi cha nusu kijiko cha chai au zaidi.

Nusu kijiko cha chai. Nikaiona leso.

"Lakini Mama Dokta, dawa inakata mishipa ya wizi. Kwa nini mtu avuje?"

Hapo ndipo akili yangu ya waya iliposhindwa. Protini ile, alisema, haiiti mishipa mipya tu. Ndiyo pia inayoitunza ngozi ya ndani ya mishipa iliyopo, ya uvimbe na ya mwili wenyewe. Ukiinyang'anya, kuta zinalegea, kidonda hakifungi. Uvimbe wa skwamasi unapenda kuoza katikati na kuacha shimo. Sasa weka shimo pembeni ya mshipa mkubwa wa pafu, halafu uulegeze ukuta. Mimi nilidhani nakata waya wa jirani. Kumbe nilikuwa namenya mpira wa waya mkuu ulio ndani ya maji.

Nilikaa kwenye kiti chake nikashika magoti. Yeye akaendelea na vioo vyake, na kwa hilo namshukuru, maana angenibembeleza ningelia.

Baadaye nikamwomba kitu kingine. Nilikuwa nimesoma kwamba watu huhesabu mishipa ndani ya uvimbe, na kwamba wenye mishipa mingi huishi muda mfupi. Nikamwomba amhesabie Baba. Nilitaka namba. Fundi bila kipimo ni mpiga ramli.

Alicheka, mara ya kwanza. Kwenye rangi hizi za waridi na zambarau huwezi kuhesabu vizuri. Kapilari, ule mshipa mwembamba kabisa, ikifungwa inafanana na kila kitu. Inahitajika rangi maalumu inayoshika ukuta wa mshipa peke yake. Alifungua kompyuta akanionyesha picha za siku zake za masomo: vijistari vya kahawia kwenye uwanja wa buluu hafifu. Wanatafuta sehemu yenye vijistari vingi kuliko zote, wanakuza, wanahesabu. "Mimi nilipata 41, mwenzangu kwenye kioo kilekile akapata 58. Mwalimu akapata 50, tukaandika ya mwalimu."

Kwa miaka mingi, alisema, tafiti ndogo ndogo zilionyesha kweli kwamba mishipa mingi inaambatana na maisha mafupi. Kisha mwaka 2007 likatoka jarida la Lancet Oncology na kazi ya watafiti waliofanya lililo gumu zaidi: walikusanya takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka vituo vingi, wagonjwa waliopasuliwa kabla kansa haijasambaa, wakahesabu upya kwa pamoja. Ile hesabu ya mishipa haikuweza kutabiri nani ataishi na nani hataishi. Namba niliyokuwa naiomba ilikuwa haina jibu ndani yake.

Sababu mojawapo ilikaa kichwani mwangu kuliko yote. Mwaka 1997 mtafiti Pezzella na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya kansa za mapafu hazichipushi mshipa wowote mpya. Pafu limejaa mishipa tayari; kila kifuko cha hewa kimezungukwa na kapilari. Kansa ya namna hiyo inajaza vifuko vya hewa kama maji yanavyojaza matofali ya matundu, na kula kwenye mishipa ya pafu lenyewe. Haina waya wa wizi. Imehamia ndani ya nyumba na kutumia soketi za mwenye nyumba. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kutisha kuliko lulu, maana jirani mwenye waya wa wizi utamkamata nguzoni, lakini huyu utamkamatia wapi?

"Na wale walioipata dawa bila kuvuja?" niliuliza. "Iliwaponya?"

Akaniandikia kwenye mgongo wa bahasha yangu. Katika lile jaribio la watu 878, waliopata kemoterapi, dawa za kuua seli za kansa, peke yake nusu yao walifika miezi 10.3. Walioongezewa bevasizumabu, miezi 12.3. Baada ya miaka miwili walikuwa hai 15 kati ya mia upande mmoja, na 23 upande mwingine. Nikatazama zile namba. Miezi miwili. Nilikuwa nimeuza jenereta kwa miezi miwili ambayo kwa Baba ingeweza kuwa dakika kumi. Lakini pia, na hili nililifikiria njiani nikirudi, kama Baba angekuwa na aina nyingine na pesa zingekuwepo, ningeuza na nyumba kwa ajili ya hiyo miezi miwili. Sioni haya kulisema.

Nilimuuliza mwishoni kama ni sigara au ni tanuri. Arseniki ya viwanda vya shaba inajulikana kuleta kansa ya mapafu, na skwamasi ni rafiki mkubwa wa sigara. Akasema kioo hakionyeshi nani alianza. Nilitaka sana kioo kionyeshe.

Kumweleza Baba ilikuwa kazi ya siku tatu. Kila nikianza, anaomba chai. Siku ya tatu, tukiwa tumemaliza bukari na kalembula, ugali na matembele, nilichora mshipa mkubwa, uvimbe pembeni, na mishale, nyuma ya risiti ya kebo. Aliangalia muda mrefu.

"Kwa hiyo ile sindano ingenipasua."

"Ingeweza."

"Na pesa?"

Muuzaji alirudisha theluthi, baada ya Yaya kwenda kwake na wanaume wawili wasiosema kitu. Theluthi ile ilitosha safari nyingine ya kuvuka mpaka kwa ajili ya mionzi. Sindano chache za mionzi, nilikuwa nimeita mimi. Kumbe si sindano, unalala chini ya mashine na huhisi kitu. Haikuwa ya kuponya. Ilikuwa ya kufunga damu, na damu ilifunga. Leso ikawa nyeupe ndani ya wiki mbili. Akapata na mizunguko mitatu ya kemoterapi, wa nne mwili ukakataa.

Miezi ya mwisho tulipata mashine ya oksijeni ya kuazima. Hapo nilikuwa kazini kwangu. Nilifunga betri mbili na inveta chini ya kitanda, nikapima inadumu saa ngapi umeme ukikatika: saa tano na nusu mashine ikiwa kwenye lita mbili. Taa za nyumba nzima nilizitenga, zisile betri. Usiku Baba alikuwa akisikia ile inveta ikibadilisha, tak, na kusema gizani, "Wamekata." Namjibu, "Lala, Muzee, tuna kuran." Alifariki mwezi wa tano, mchana, umeme ukiwapo.

Kile kijipande cha nta Mama Dokta aliomba akiweke kwa ajili ya wanafunzi wake, na Mama akakubali kwa sharti kwamba wasiandike jina. Vioo vitatu ninavyo mimi, kwenye droo ya fyuzi, vimefungwa kwa kitambaa.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa mtaa wa tatu alikuja jioni. Mume wake anatema damu, amesikia kwamba mimi niliwahi kuipata ile dawa ya kukata mishipa, anataka namba ya mtu wa glasieri. Nilimuuliza wamekata kipande? Bado. Nilimwelekeza kwa Mama Dokta, mlango wa pili baada ya ngazi, aende asubuhi kabla foleni haijajaa. Namba sikumpa. Alinitazama kama mtu anayenyimwa maji, akasema mimi baba yangu ameshakufa ndiyo maana sina haraka. Akaondoka bila kuaga.

Sijamwona tena. Jumapili nilipita mtaa wao kwenda kurekebisha mita ya mtu. Dirisha lao lilikuwa wazi, na nilisimama kidogo barabarani kusikiliza kama kuna anayekohoa.